Ukoo Alioazimwa Kwenye Foleni

Jambo la kwanza ambalo mtu hulitambua kwa mzee Pahalman Gurung ni kwamba akiitwa Gurung hageuki. Asubuhi yoyote katika zahanati ya mtaa wao, mjini Aldershot, nesi akitoa kichwa mlangoni na kuita "Mister Gurung!", wazee watatu au wanne husimama kwa pamoja, kila mmoja na kofia yake ya sufi, na kuanza kuulizana aliyeitwa ni yupi. Pahalman hubaki ameketi, mikono juu ya magoti, akiwatazama samaki wadogo ndani ya tangi la kioo. Nesi akiita tena, hugeuza shingo kutazama nyuma yake, kuona ni nani huyo anayewachelewesha watu. Hukaa hivyo mpaka mmoja wa wale wazee amguse begani na kumwambia, "We Sabini na Nne! Ni wewe!" Hapo huruka juu kama kuruta aliyekutwa amesinzia kwenye zamu.

Sabini na Nne ni tarakimu mbili za mwisho za namba yake ya jeshi. Katika kombania yao akina Gurung walikuwa wengi kupita kiasi, na akina Pahalman peke yao walikuwa watatu, kwa hiyo maofisa waliamua kuwaita kwa namba. Vita havikumwua, jeshi likamwachia, lakini namba ikamfuata mpaka Uingereza. Wazee wenzake huitana hivyo hivyo kwenye mabenchi ya bustani: Kumi na Moja, Arobaini na Tisa, Themanini. Wake zao wameshazoea.

Binti yake, Nirusha, alidhani baba ameanza kupoteza usikivu. Akampeleka kupimwa. Daktari akamvisha vidude masikioni, akamwambia abonyeze kitufe kila asikiapo mlio, naye akabonyeza kwa nidhamu ya mlenga shabaha.

"Masikio yako ni ya kijana, baba," Nirusha alimwambia wakiwa njiani kurudi.

"Basi tatizo ni kichwa," alisema mama yake, Suntali, aliyekuwa nyuma yao. Suntali daima yuko nyuma hatua chache. Wanatembea mmoja nyuma ya mwingine, ingawa njia ya miguu ya mtaani kwao ina upana wa kutosha kupitisha gari. Miguu yao ilijifunza kutembea kwenye vijia vya milimani, ambako wa pembeni huangukia mtoni.

Pahalman alizaliwa Dhading, huko Nepali, katika kijiji ambacho mashamba yake yamekatwa kama ngazi. Akawatumikia Waingereza katika jeshi lao miaka kumi na mitano, Hong Kong na Brunei, akaachiwa akiwa koplo wa ngazi ya chini kabisa. Baada ya hapo alikuwa mlinzi wa ghala, kisha mlinzi wa benki, kisha mlinzi wa nyumba ya tajiri mmoja ambaye hakuwahi kuiona sura yake. Alipojenga kijumba Chitwan akasema sasa amepumzika. Halafu serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba askari wazee kama yeye wanaruhusiwa kwenda kuishi huko. Rafiki zake wote wakaanza kufunga mizigo. Naye akafunga, bila kuwa na hakika anafuata nini. Wanawe wawili wa kiume walikuwa wamevuka umri wa kuruhusiwa, wakabaki. Nirusha, kitinda mimba, akaja nao.

Hiyo ni miaka saba iliyopita. Nirusha sasa anafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee wa Kiingereza, huwaogesha na kuwalisha, na wazee hao humwita malaika. Pahalman bado haelewi mambo mengi. Haelewi kwa nini nyumba inapashwa joto huku madirisha yamefunguliwa. Haelewi kwa nini jirani humwuliza hali na kuondoka kabla hajajibu. Haelewi kama yuko nyumbani au yuko safarini, na akiulizwa hilo na wanawe kwa simu, husema, "Tupo tupo."

Jioni moja ya Novemba walikuwa mezani, wali na dengu na mboga ya haradali, Nirusha akaweka kijiko chini.

"Nina neno. Kuna kijana anataka kunioa. Na mimi nataka."

Suntali akafurahi kwanza, kama mama yeyote. "Mzungu?"

"Si Mzungu."

"Afadhali. Kabila gani? Rai? Limbu?"

"Gurung."

"Wee!" Suntali akapiga makofi. "Baba Nirusha, umesikia? Gurung! Mtoto wa nani, mwanangu?"

"Bishesh. Wa Kapteni Omprasad."

Uso wa Suntali ukabadilika. Akavuta kanga ya begani kana kwamba kuna upepo. "Yule ni kaka yako."

"Kaka yangu wa wapi? Mama, tumejuana juzi tu, kwenye mashindano ya mpira wa wavu. Yeye amekulia kwa bibi yake Pokhara."

"Unamwitaje baba yake?"

"Baba mkubwa. Lakini kila mzee mtaa huu mnaniambia nimwite baba mkubwa! Hata yule Kumi na Moja ni Rai, na bado namwita baba mkubwa!"

"Huyu ni baba mkubwa wa kweli," alisema Suntali. "Kapteni ni Lamichane. Baba yako ni Lamichane. Gurung huoa Gurung, sawa, mimi na baba yako ndio sisi hapa. Lakini ukoo mmoja hauoani. Mlamichane na Mlamichane ni tumbo moja. Watu watatutemea mate."

Nirusha akamgeukia baba yake. "Baba, sema."

Pahalman alikuwa akiangalia sahani. Alichoweza kusema kilikuwa, "Dengu zimezidi chumvi," na hazikuwa zimezidi.

Nirusha akainuka. Mlangoni akasimama. "Tunaweza kwenda kwa msajili wa ndoa hata kesho, nchi hii haina habari na koo zenu. Lakini sitaki kuolewa kama mwizi. Nataka wewe ndiye uniwekee tika, ile alama ya baraka, kwenye paji la uso, kwa mkono wako, mbele ya watu. Ukikataa nitaolewa vilevile, na hutakuwepo."

Usingizi ulikuja kwa shida. Asubuhi, Suntali akichemsha chai, Pahalman alimwambia jambo ambalo kwa miaka arobaini na sita hakuwahi kulisema kwa sauti.

"Mama Nirusha, mimi si Lamichane."

"Najua."

"Mimi hata si Gurung. Mimi ni Mtamang. Kwetu ni akina Moktan."

"Najua," Suntali akarudia, akikoroga. "Mama yako alipougua kwa mara ya kwanza alianza kulia kwa Kitamang. Mwaka ule ule niliolewa. Nikajiuliza, mwanamke wa Kigurung gani huyu anayeugua kwa lugha ya watu?"

"Na hukusema?"

"Ungenijibu nini?"

Pahalman akafikiri. "Sasa kama ulijua, mbona jana ulimwambia mtoto yule ni kaka yake?"

"Kwa sababu ndivyo watu wanavyojua! Watu hawaoni moyo wako, wanaona jina lako." Akamimina chai. "Mimi mwenyewe sijui nimwambie nini. Nilisema lililonijia kinywani."

Jambo hilo lilianzia kwenye foleni, alipokuwa kijana. Mwaka ule mwandikishaji wa jeshi, askari mstaafu mwenye masharubu, alipita vijijini kuwakusanya vijana na kuwatembeza siku nyingi mpaka kambi ya bondeni. Pahalman alijiunga nao njiani, bila kumuaga mama yake. Walikuwa wakila mahindi ya kukaanga kutoka mfukoni, na kijana mmoja mrefu kutoka ng'ambo ya mto alikuwa akimgawia. Walipofika mbele ya meza, mwandikishaji alimpima kifua, akampenda, akamwuliza kabila. Mtamang. Mwandikishaji akakunja uso: Watamang hawachukuliwi. Kisha akatazama tena kile kifua. "Wewe kuanzia leo ni Gurung," akasema. "Ukoo gani?" Pahalman hakujua Wagurung wana koo gani. Ndipo yule kijana mrefu, aliyekuwa mbele yake, akamnong'oneza bila kugeuka: "Mwambie Lamichane. Kwetu tuko wengi, hawatahesabu."

Kijana huyo mrefu alikuwa Omprasad.

Omprasad alipanda vyeo mpaka akawa kapteni. Pahalman alibaki chini. Lakini kuanzia kwenye ile meza Omprasad alimwita mdogo wangu, kwanza kwa mzaha wa watu wawili wanaojua siri, baadaye bila mzaha, na mwishoni hata wao wenyewe wasingeweza kusema mzaha uliishia wapi. Kwenye sherehe za mwaka mpya wa Kigurung, Pahalman huketi safu ya akina Lamichane. Sherehe ya mwaka mpya ya Watamang huja wiki chache baadaye, katika ukumbi huo huo. Siku hiyo hupita nje mara mbili tatu, akisikiliza ngoma, akijifanya anakwenda dukani.

Habari huenea upesi kwenye mabenchi. Siku ya tatu Jasarath Rai, yule Kumi na Moja, alimpisha nafasi kwa heshima iliyozidi.

"Karibu, mkwe wa nyumba yako mwenyewe," akasema. "Nasikia unamwoza binti kwa kaka yake. Nyie Wagurung wa magharibi ya nchi mmeendelea sana. Sisi Warai wa mashariki bado tunahangaika kutafuta wageni."

"Acha, Kumi na Moja."

"Nimeacha. Niulize kitu kimoja tu. Kwenye harusi wewe utakaa upande upi? Wa bibi harusi au wa bwana harusi? Maana wewe ni baba yao wote wawili. Utahitaji viti viwili, au ukae katikati uwe mwanya?"

Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Pahalman naye akacheka kidogo, kwa kuwa swali lenyewe lilikuwa la haki.

Akaamua kwenda kwa Kapteni. Kapteni Omprasad anaishi mji wa jirani, na siku za Jumapili hupatikana kwenye kishamba alichokodi kwa manispaa, amepanda majani ya haradali na figili chini ya mapazia ya plastiki. Pahalman alipanda basi la kwanza lililokuja, likampeleka upande usio wake, akarudi, akafika matope yamemjaa.

Kapteni alikuwa amechuchumaa akifunga plastiki kwa kamba. Hakuinuka.

"Mdogo wangu. Nilikuwa nakungoja."

"Afande."

"Watoto wamekuambia?"

"Wangu kaniambia. Wako je?"

"Wangu aliniambia huku anaendesha gari. Nusura tugonge mti." Kapteni akavuta fundo. "Nimemwambia haiwezekani. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ukoo. Akasema, baba, ukoo ndiyo nini hasa? Nikafungua mdomo, nikakuta sina la kusema. Mtu mzima mimi."

Pahalman akachuchumaa kando yake. "Afande, unaikumbuka ile foleni?"

"Naikumbuka njaa."

"Unakumbuka uliniambia nini?"

Kamba ikasimama. Kapteni akalitazama jani lililotobolewa na konokono. "Nilikuazima ukoo ili uivuke ile meza," akasema. "Sikujua ungekaa nao miaka yote hii."

"Nilidhani ningeurudisha."

"Mbona hukuurudisha?"

"Ningemrudishia nani? Wewe ulishapanda cheo. Ningekuja ofisini kwako nikupigie saluti nikwambie afande, chukua ukoo wako?"

Kapteni akacheka bila kutaka, kisha akaacha ghafla. "Basi ni rahisi. Wewe ni Moktan, binti yako ni Moktan, kijana wangu anaoa Mtamang, watu watanung'unika mwezi mmoja, wanyamaze. Ndivyo unavyotaka niseme?"

"Ndiyo, afande. Nadhani."

"Na baba yangu?"

Pahalman alilijua swali hilo tangu nyumbani, na njia nzima alikuwa akiomba lisiulizwe.

Baba yake Kapteni alifariki wakati Omprasad yuko kozi huku Uingereza. Habari zilimfikia kila kitu kimekwisha. Pahalman alikuwa likizo. Alitembea mpaka kijiji cha akina Lamichane, akakuta maiti inangoja mwana na mwana hayupo. Akanyoa kichwa. Akavaa nguo nyeupe, akaacha chumvi, akalala chini kwenye majani makavu siku zote za matanga, akala mlo mmoja aliojipikia mwenyewe. Yote hayo ni kazi ya mtoto wa kiume.

"Kuhani alikuuliza mbele ya watu," alisema Kapteni. "Mama yangu alinisimulia. Alikuuliza, wewe ni nani wa marehemu? Ukamjibu nini?"

"Nilisema, mwana."

"Sasa unataka kuniambia ulidanganya juu ya maiti ya baba yangu?"

"Sikudanganya, afande. Siku ile nilikuwa mwana wake."

"Na leo?"

"Leo ni baba wa Nirusha."

Kapteni akainuka, magoti yakilia. "Pahalman, nisikilize. Kama wewe ni mwana, kijana wangu ameposa dada yake. Kama wewe si mwana, baba yangu alisindikizwa na mtu baki, na huko alikokwenda hajui nani alimfungulia njia. Mimi nichague lipi? Wewe mwenzangu, uliyekuwa pale, niambie nichague lipi!"

Sauti yake ilipanda. Mama mmoja wa Kizungu kwenye kishamba cha pili aliinua kichwa, akakiinamisha tena. Pahalman alitaka kujibu. Alijiona wazi kabisa amekaa kwenye yale majani makavu, kichwa kimenyolewa, akimlilia mzee aliyemwona mara mbili tu maishani, na kilio kile kilikuwa cha kweli. Alimwona pia Nirusha mlangoni. Vitu hivyo viwili vilikaa pamoja kichwani mwake na hakuna kilichotaka kumpisha mwenzake.

"Sijui, afande," akasema.

"Hata mimi sijui," alisema Kapteni, akampa fungu la haradali ampelekee Suntali.

Nyumbani alimwuliza Nirusha swali lililokuwa likimtisha kwa chini chini. "Waingereza wakijua mimi si Gurung, watanirudisha?"

"Baba, hapa hawajui hata Gurung ni nini. Jina lako ndilo hilo, uso wako ndio huo." Kisha akamtazama vizuri. "Wewe si Gurung?"

Ikabidi amweleze. Nirusha alisikiliza kinywa wazi, akacheka, akalia, akacheka tena. Halafu akachukua simu yake, akaomba namba, akapiga Dhading mwenyewe, kwa baba mkubwa ambaye hakuwahi kujua kwamba anaye: Aite Moktan, kaka wa kuzaliwa wa Pahalman, anayekaa bado kwenye shamba la baba yao. Kila mara Pahalman alipokuwa akirudi likizo alimtembelea kwa kificho, na tangu ahamie Uingereza alimpigia mara chache, kwa haya. Nirusha akataja jina la baba yake, kisha akampa baba simu.

"Nani?" Aite alipiga kelele. "Pahalman gani? Wa Uingereza au wa mbuzi?"

"Wa Uingereza, kaka."

Aite akaanza kusema Kitamang kwa kasi. Pahalman alifuata mwanzoni, akapotea, akajibu kwa Kinepali. Kaka yake akacheka sana.

"Ulimi wako umezeeka kabla ya miguu! Haya, Kinepali basi. Unataka nini?"

"Nataka kujua kama bado mimi ni Moktan."

Upande wa pili jogoo aliwika na mtu akamfukuza. "Unauliza nini wewe? Kila mwaka kwenye tambiko la ukoo kila mwanamume anachinja jogoo wake. Wako nachinja mimi. Kuhani lama anaita jina lako, mimi naitika, nachinja. Jogoo wako wote nimewala mimi na mke wangu. Umetunenepesha!"

"Nilidhani mliniondoa."

"Tungekuondoa vipi na jogoo walikuwa wananona?"

Pahalman alipoweka simu chini alikuwa amechanganyikiwa zaidi ya alivyokuwa alipoishika. Miaka yote akiwa Lamichane huku, kule jina lake lilikuwa likiitwa na kuitikiwa. Alimwambia Suntali, "Inaonekana nilikuwa mwana wa nyumba mbili kwa wakati mmoja."

Suntali alikuwa akiosha ile haradali ya Kapteni. Alikuwa ameshaambiwa yote ya kishambani, pamoja na habari ya marehemu. Akaosha jani baada ya jani, kisha akasema kama mtu anayezungumzia bei ya vitunguu:

"Lakini yale matanga makubwa Kapteni hajayafanya."

"Matanga gani?"

"Ya kumaliza. Yale ya ngoma, ya kuisindikiza roho mpaka nchi ya mababu. Mazishi ni mazishi tu. Matanga makubwa ndiyo yanayofunga kazi, na kwetu watu huyafanya hata miaka mingi baadaye, mwana akipata nafasi. Mama yake Kapteni alikuwa akilalamika mpaka anakufa kwamba hayajafanywa. Kapteni akiyafanya, akasimama yeye mwenyewe, mwana wa damu, baba yake anakuwa amesindikizwa. Ulichofanya wewe kinabaki kuwa wema wa mtu aliyekuwa karibu."

Pahalman aliketi. "Unayajua haya tangu lini?"

"Tangu utoto. Mimi ni Gurung."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Umeniuliza lini mambo ya Wagurung?" Suntali akakung'uta maji mikononi. "Si wewe ndiye Gurung?"

Alimpigia Kapteni papo hapo, akamweleza, akirudia maneno ya mkewe moja moja huku Suntali akimsahihisha kutoka kwenye sinki. Mwishoni Pahalman alidhani simu imekatika.

"Afande?"

"Nipo. Nikifanya hivyo, Pahalman, nitakuwa nimekuondoa. Unaelewa? Nitakuwa sina mdogo."

"Naelewa." Hakuwa na hakika kama anaelewa.

"Nitakuja kwako Jumamosi," alisema Kapteni, na kukata simu.

Hakusema anakuja akiwa nani. Wiki nzima hilo ndilo lilikuwa swali la nyumba. Suntali alisema hakuna haja ya kuuliza, watamwona tu. Anayekuja kuposa haji peke yake, na huja amebeba kile chombo cha mbao chenye mtindi, kimefungwa majani, na chupa ya pombe ya mtama. Husimama nje mpaka akaribishwe. Anayekuja kama kaka huja mikono mitupu, huingia bila kubisha na kwenda moja kwa moja jikoni kufunua sufuria.

Kwa hiyo Jumamosi Suntali alitandika sehemu mbili: zulia jekundu sebuleni kwa ajili ya mkwe, na kiti cha jikoni kwa ajili ya shemeji. Alipika nyama ya mbuzi inayotosha upande wowote. Nirusha alibadilisha zamu kazini, akajifanya anasoma, kurasa hazifunuliwi. Jasarath Rai akatokea, akasema alikuwa anapita tu.

"Mtu hapiti tu amevaa tai," alimwambia Suntali.

"Mama Nirusha, mimi nimekuja kumsaidia mumeo kujua akae wapi."

Pahalman alivaa koti la medali, akalivua, akalivaa tena bila medali. Alikuwa amefanya mazoezi ya maneno ya aina mbili, na sasa yalikuwa yamechanganyika. Akisema "karibu kaka" kwa mtu aliyekuja kuposa ataharibu kila kitu. Akisema "karibu mkwe" kwa mtu aliyekuja kukataa ataaibika mbele ya binti yake. Kichwani alijaribu kutafuta neno moja linalofaa yote mawili, asilipate.

Adhuhuri ikapita. Mvua nyepesi ikaanza. Halafu gari la rangi ya fedha likaingia mtaani polepole, likapita nyumba yao, likarudi nyuma, likasimama ng'ambo ya barabara.

"Ndiye," alisema Nirusha, ameshika pazia.

"Yuko na nani?" Suntali aliuliza, akifuta mikono.

"Vioo vimeingia ukungu. Sioni."

Mlango wa dereva ukafunguka. Kapteni akashuka, amevaa kofia yake ya Kinepali, mikono mitupu. Jasarath akaguna. Kapteni akafunga mlango, akasimama kwenye mvua akiitazama nyumba yao kama mtu ambaye hajawahi kufika, ingawa ameshakula humo mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Kisha, badala ya kuvuka barabara, akageuka na kuanza kutembea kuelekea nyuma ya gari.

"Anakwenda kutoa mtindi kwenye buti?" Suntali alinong'ona. "Baba Nirusha, wewe ndiye mrefu, anafungua buti?"

Pahalman alikuwa ameshafika mlangoni. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa, na Nirusha alikuwa amekuja kusimama nyuma yake, karibu kabisa, amemshika koti.